Safari ya Matema Kutafuta Gitaa Lisiloumiza Vidole

Nilikwenda Matema kwa sababu ya vidole. Nasema mapema, ili wale wanaosambaza huku Ipyana kwamba nilifuata mganga wa ziwani wafunge midomo. Sikufuata mganga. Nilifuata gitaa.

Mimi napiga gitaa tangu usichana wangu, na sikuomba ruhusa ya mtu. Shule niliiacha mapema, lakini magitaa nayajua. Nimenunua, nimeuza, nimebadilisha. La kwanza lilitengenezwa na seremala wa ng'ambo ya Songwe. Lilikuwa na sauti ya debe, nikamuuzia kijana wa Njisi ambaye hakujua tofauti. La pili lilikuwa tamu, ila masika yalipoingia shingo ikapinda kama jembe lililogonga jiwe, nikalibadilisha kwa mbuzi. La tatu ndilo nililokaa nalo. Ni gitaa kavu, yaani la mbao lenye tundu tumboni, halitaki umeme wala betri. Hilo nimelipigia kwaya, nimelipigia misiba, nimempigia mume wangu alipokuwa kitandani mpaka alipofariki.

Sasa vidole vya mkono wa kushoto vimegoma. Gitaa kavu lina nyuzi nene, na hili langu nyuzi zimekaa juu ya shingo, lazima uzibane kweli kweli. Nikibana, viungo vinawaka moto. Nilipaka mawese ya uvuguvugu, wapi. Nikapiga kwa kubana nusu nusu, sauti ikatoka kama mlango mbovu. Jumapili moja nikakaa kwenye benchi la kwaya mikono mapajani, naangalia wenzangu wanaimba. Niliporudi nyumbani sikula.

Kiongozi wetu wa kwaya, Ambokile, akaja kuniona. Akasema, "Bibi, chukua la umeme. Nyuzi zake nyembamba na zimelala karibu na shingo. Unagusa tu."

"La umeme ni kelele za baa," nikamwambia.

"Haya, kaa na benchi lako."

Yule kijana hana adabu, lakini nililala na maneno yake. Kesho yake akanionyesha picha kwenye simu. Kuna mzee Matema, akasema, ana gitaa la umeme jekundu, halitaki, anatafuta gitaa kavu wabadilishane. Jina la huyo mzee Ambokile hakulijua. Picha alitumiwa na muuza samaki. Nami sikuuliza zaidi. Kumbukeni hapo, kwamba sikuuliza.

Asubuhi, jua halijatoka vizuri, nikalifunga gitaa langu mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikapanda bodaboda ya Lusajo. Lusajo akageuka akaangalia, akasema, "Bibi, huyo mjukuu kachukua shingo ya nani?"

"Endesha."

Kyela mjini nilimwambia asimame kwenye duka moja la redio na vyombo vya muziki. Nilitaka kulinganisha kwanza, nisije nikafika kwa mtu nikapokea chochote. Magitaa mapya yalikuwa yametundikwa yamevalishwa mifuko ya nailoni. Muuzaji, kijana wa kuja, akaniuliza kama natafuta zawadi ya mjukuu. Nikamwambia ashushe lile la kahawia. Nikalichungulia shingo kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayelenga bunduki, maana hapo ndipo unapoona kama limenyooka. Limenyooka. Nikaligonga mgongo kwa kifundo cha kidole. Halikulia. Nikakwaruza kidogo kwa ukucha karibu na tundu.

Jamani. Ile mistari ya mbao ilikuwa picha. Karatasi yenye picha ya mbao, imegandishwa juu ya kitu kama boksi.

"Hii ni karatasi!" nikasema.

"Ndiyo za kisasa, mama. Wateja wanapenda."

"Wateja wanapenda kudanganywa?"

Akanitazama, akacheka, akalirudisha juu. Nilitoka pale mwili umepoa. Tangu nizaliwe nimeona mchele ukichanganywa na mawe na kakao ikitiwa maji ili iwe nzito, lakini mtu kuupiga ubao picha kisha akafunika nayo kitu kisicho ubao, hilo sikuwahi kuliona.

Njia ya kwenda Ipinda ilikuwa na matope, magurudumu yanateleza, mpunga umesimama majini huku na huku. Watu walikuwa wameanika kakao kwenye mikeka nje ya nyumba, na ile harufu yake ya pombe kidogo ikatufuata. Ipinda tukanywa chai. Mama wa chai aliliona gitaa, akaniomba nimpigie kidogo. Nikamwambia vidole vinauma. Akasema, "Sasa unalibeba la nini?" Nikalipa chai tukaondoka. Swali lile lilinikaa kifuani mpaka Matema. Kama mzee yule angekataa kubadilishana, au kama hilo la umeme nalo lingenishinda, basi mimi ningekuwa mtu wa kubeba gitaa, si wa kulipiga.

Tulifika Matema jua limeshapanda. Milima imesimama kama ukuta, ziwa limetulia chini yake, wanawake wa Kikisi wanapanga vyungu mchangani. Tukaulizia nyumba ya mzee mwenye gitaa jekundu, tukaonyeshwa, haina hata shida. Nyumba ya bati, migomba nyuma, jiko la kuni pembeni mkabala na mlango wa uani. Lusajo akabaki na pikipiki yake ufukweni, ananunua usipa, wale dagaa wa ziwani.

Mzee alikuwa amekaa barazani. "Ugonile," nikamsalimu. Akaitikia vizuri, akasema karibu mama, kaa. Kwetu mgeni akifika huulizwa kwanza: wewe ni wa nani, umeolewa nyumba gani. Hiyo ndiyo njia ya kukaa na watu. Lakini mimi nilikuwa na lile swali la mama wa chai kifuani, na nilikuwa na gitaa la karatasi machoni.

"Nitakaa nikiliona," nikasema. "Lete."

Akacheka, akaingia, akatoka nalo amelipakata. Jekundu, jembamba kama kibao cha kukatia mboga. Akaliweka kwenye kiti. Nikaligonga bila kulinyanyua. Kimya.

"Tumbo lake liko wapi?"

"Tumbo lake ni spika, mama. Iko ndani."

"Kwa hiyo bila spika hili ni ubao wa mlango."

"Ni gitaa zuri. Mwanangu kaniletea. Ila mimi sipendi kitu cha kuchomeka. Nipe hilo lako la mgongoni, uniongezee debe moja la mchele, tumalizane."

"Mchele?" Sauti yangu ilifika kwa jirani. "Mchele wetu, kwa ubao huu? Nimetoka Ipyana kwa matope, wewe unataka nikuongezee mchele? Mzee, wewe ni tapeli. Uso wote huo mpana kama ungo, na hauna hata sehemu ndogo ya aibu!"

Yule mzee alifurahi. Naona alikuwa mtu wa kupenda mabishano. Akajipiga paja, akasema, "Huyu ndiye mnunuzi! Sema tena!" Nami nikasema tena. Nikaongeza na meno yake.

Hapo mkewe akatoka jikoni anajifuta mikono. Mwanamke wa umri wa binti yangu wa pili, mnene, mchangamfu. "Mmeshakuwa marafiki?" akasema. "Mgeni, ugonile. Wa nani wewe kule Ipyana?"

"Mimi ni mke wa marehemu Asajile," nikasema, "wa nyumba ya yule mzee wa ng'ombe wengi kule mtoni. Jina lake silitaji, ni baba mkwe wangu."

Mzee akasimama polepole. "Asajile?" akasema. "Asajile wa kaka yangu?"

Sasa ninyi wa makwao mengine nawaeleza. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke humwogopa baba mkwe. Humwangalii usoni, hukai naye chini ya paa moja, jina lake hulitaji, maneno huzungumzi naye. Na baba mkwe si mmoja. Ndugu za baba wa mume wako wote ni baba wakwe zako vilevile. Vijana wa leo wanakaa meza moja na wakwe zao wanakula chipsi, na wachungaji wamehubiri kwamba mambo hayo si lazima. Mimi nimesikia, na mimi nimeendelea kuogopa. Nimezeeka naogopa. Nilijua kwamba baba mkwe ana mdogo wake aliyekwenda kazini Zambia kabla sijaolewa na hakurudi kijijini. Sikujua kwamba amerudi, amejenga Matema kwa akina mke wake, na kwamba uso wake ni mpana kama ungo.

Nilikimbia. Sina neno jingine. Magoti yangu hayakimbii, siku ile yalikimbia. Nikaingia jikoni na gitaa mgongoni, shingo yake ikagonga juu ya mlango, nyuzi zote zikalia ngwaaa, nikaanguka juu ya kuni. Nilipogeuka kuangalia kama ananitazama, nikaona naye amekimbia. Ameingia sebuleni, kandambili moja imebaki barazani.

Mkewe alisimama uani peke yake, anaangalia jikoni, anaangalia nyumba. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Jirani akaja kuangalia kuna nini, mama mmoja mwembamba mwenye ulimi. Alipoelezwa akachungulia jikoni, akasema, "Kumbe mkwe! Mimi nilidhani kuku wa sikukuu kaona kisu."

"Mama, niache," nikamwambia. Nimemwita mkwe wangu tapeli. Nimemtazama meno.

Mama mkwe wangu, maana ndiye, hata kama nimemzidi umri, akaingia akakaa nami. Nikamwambia, "Mama, naomba maji ninywe, nirudi kwetu."

"Na gitaa?"

"Gitaa gani tena?"

Akanishika mkono wa kushoto, akaviona vidole vilivyovimba. Akabonyeza kidogo, nikaguna. "Ukirudi na hilo la mgongoni," akasema, "utalipiga kwa nini? Kwa meno?"

Akakifungua kitenge mwenyewe, akalichukua gitaa langu, akavuka nalo uani kumpelekea mumewe alipime.

Nikasikia mzee anakaza funguo, uzi mmoja mmoja. Kisha akapiga.

Nilijua gitaa langu. Nilijua sauti yake kama ninavyojua mlango wangu. Sauti iliyotoka sebuleni sikuijua. Besi ilizunguka chini kama mtu anayetembea bila haraka, na juu yake nyuzi nyembamba zikawa zinacheka. Kwa miezi nilikuwa nimelisema gitaa lile kwamba limezeeka, mbao imechoka, limekufa. Halikufa. Mikono yangu ndiyo ilikuwa inalinyima. Nilikaa juu ya kuni, mdomo wazi, na yule jirani mwenye ulimi naye akasogea karibu asikie.

Mama mkwe akarudi na lile jekundu. "Amelipenda lako. Hataki hata mchele. Sasa na wewe jaribu."

Nikaurudisha mkono nyuma.

"Nini?"

"Mama, alilipakata. Limekaa pajani kwake, limeegemea tumbo lake. Nitalipakata mimi?"

"Mkwe, hilo ni gitaa."

"Hata kigoda alichokalia sikalii. Gitaa linalalia mwili."

Jirani akasema, "Hapo mkwe ana haki." Wakabishana wao kwa wao. Mama mkwe akawaza, akabana midomo, kisha akatoka uani na lile gitaa, akaita kwa sauti ya kusikika na mtaa, "Mume wangu! Gitaa hili nipe mimi."

"Chukua," mzee akajibu toka ndani.

"Limekuwa langu?"

"La kwako."

"Si lako tena?"

"Mwanamke, nimekwambia chukua!"

Akarudi jikoni. "Mkwe, na wewe nipe lako lililoko kule ndani." Nikampa kwa mdomo. "Haya," akasema, "sasa magitaa yote mawili ni ya kwangu, nami sijui hata pa kushika. Matema nzima hakuna tajiri kama mimi." Akachukua kanga yake akalifuta lile jekundu mbele na nyuma, akaketi akalipakata yeye, muda wa kutosha, anatutazama. Kisha akanipa. "Hili nakupa mimi, mama yako. Limetoka mwilini mwangu."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikalipokea.

Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, uzito wake wote uko kwenye ubao. Nikaweka vidole. Nikagusa tu, kama alivyosema Ambokile. Nyuzi zikalala zenyewe. Nikangoja maumivu. Hayakuja. Nikabadilisha, nikaweka ile sehemu ngumu inayotaka kidole kidogo kinyooke. Kikanyooka. Machozi yakanijaa, nikasema ni moshi.

Lakini sauti haikuwepo, ilikuwa kama mbu. Mama mkwe akasema ngoja, akaleta waya mrefu kutoka nyumbani, ukavuka uani, ukafika mlango wa jikoni ukaishia hapo. Nikasogea mlangoni, nimegeuzia nyumba mgongo, akauchomeka. Nikapiga uzi mmoja.

Sauti ikatoka nyumbani.

Nilidhani mzee ndiye anapiga. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Nikapiga tena, ikalia tena kule. Ndipo nikaelewa. Betri ya sola iko sebuleni, spika iko sebuleni, na mkwe wangu yuko sebuleni. Mimi nimekaa jikoni, sauti yangu imekaa sebuleni pamoja na mkwe, pengine karibu na goti lake.

"Chomoa!" nikapiga kelele. "Mama, chomoa!"

Hapo ndipo nilipoiona tofauti ya magitaa haya mawili, ambayo hakuna muuza duka aliyewahi kuniambia. Gitaa kavu, sauti yake inakaa na wewe. Mahali ulipo ndipo ilipo. Hili la umeme unalipiga hapa, sauti inakwenda kukaa mahali usipoweza kwenda.

Kabla mama mkwe hajauchomoa, gitaa langu la zamani likajibu toka ndani. Lilichukua pale nilipoachia, likarudia uzi uleule niliopiga, likaongeza mbili, likangoja.

Jirani akanong'ona, "Anakuitikia."

Nilitaka kulitupa chini. Nasema kweli. Lakini vidole vilikuwa bado kwenye nyuzi na haviumi, na nilijua kwamba nikiliweka chini sitalinyanyua tena, nitapanda pikipiki nirudi kwenye lile benchi. Nikajiuliza: kumwangalia usoni, simwangalii. Paa, si moja. Jina, sijalitaja. Neno, sijasema. Nikalitafuta kosa nisilione, na bado moyo ulikuwa unanidunda kama wa mwizi.

Nikapiga wimbo wa kanisani, ule wa taratibu. Mzee akaingia chini yangu na besi. Nikapanda, akapanda. Nikakosea, akangoja, nikarudi. Watu waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama kwenye migomba.

"Hawa wanaongea!" jirani akasema.

"Haongei mtu hapa," nikamwambia bila kuacha. "Mimi najaribu gitaa."

Alasiri niliondoka. Kumuaga sikumuaga, nitamuagaje? Nilimshukuru mama mkwe, "Ndaga fijo, mama," naye akanifungia spika kwenye mfuko wa nailoni na gitaa kwenye kitenge. Lusajo akauliza kwa nini nimevaa viatu kinyume. Sikuwa nimeona. Tulipopita nyuma ya migomba nilisikia gitaa kavu linapigwa, tunaachana nalo kidogo kidogo, mpaka mlio wa pikipiki ukalifunika.

Wiki ileile nilimtuma Lusajo na debe la mchele kwa mama mkwe. Hakuna aliyenidai. Ni kwa ajili ya yale meno.

Nimejifunza kwamba mtu aulizwe ni wa nani kabla hujamwambia kitu chochote, hata kama umebeba gitaa na una haraka. Nimejifunza pia kwamba nilikuwa nimewasema vibaya bure watu wa magitaa ya umeme. Ambokile nimemwambia mara moja, asitegemee nirudie. Kwenye kwaya napiga, vidole havina neno.

Na Jumapili baada ya ibada huwa nampigia simu mama mkwe. Tunasalimiana, tunaulizana mvua na kakao. Kisha yeye huiweka simu mezani sebuleni, anatoka kwenda kuosha vyombo. Na mimi nami huiweka yangu juu ya meza, karibu na spika.